Kuchagua kiti cha pete ya uchumba ili almasi ya kati ionekane

Wengi wanaotafuta pete ya uchumba ya almasi humalizia pesa na maswali yao yote kwenye jiwe. Ni karati ngapi? Rangi gani? Lina cheti? Ikifika zamu ya ile sehemu inayolishika jiwe, sonara anaonyeshwa picha kwenye simu na kuambiwa, "Nataka kama hii." Sehemu hiyo, ambayo hapa nitaiita kiti cha jiwe, ndiyo itakayoamua kama almasi itaonekana au itamezwa na dhahabu, na kama bado itakuwepo kidoleni miaka kumi ijayo.

Niseme msimamo wangu mapema. Kiti hakiongezi mng'ao. Mng'ao unatokana na jinsi jiwe lilivyokatwa na jinsi linavyowekwa safi. Kiti kizuri kinashika jiwe barabara, hakilifuniki kuliko inavyolazimu, na kinaacha njia ya kulisafisha. Kisichofanya hayo, hata kiwe na mapambo ya namna gani, kinaharibu jiwe ulilolilipia.

Hatua ya 1: Anza na jiwe, ulipime kwa milimita

Karati ya almasi ni uzito, na karati 1 ni gramu 0.2. Lakini jicho halioni uzito, linaona upana. Almasi ya mviringo iliyokatwa vizuri yenye karati 1 ina upana wa milimita 6.5 hivi. Ya nusu karati ina kama 5.1, na ya robo karati kama 4.1. Kwa hiyo ukishuka kutoka karati 1 hadi nusu karati, uzito unapungua nusu nzima lakini upana unabaki zaidi ya robo tatu, huku bei ikishuka kwa zaidi ya nusu. Mwenye bajeti ndogo aishike hesabu hiyo kabla ya kuanza kukata tamaa.

Kinyume chake, ukikuta jiwe la mviringo la karati 1 lenye upana wa milimita 6.1, jua uzito umejificha tumboni, yaani sehemu ya jiwe iliyo chini. Umelipia kitu ambacho hakuna atakayekiona, na tumbo hilo refu litamlazimisha sonara kuinua kiti ili ncha ya chini isiguse kidole.

Jiwe likiwa na cheti cha maabara kama GIA au IGI, vipimo vya milimita vimeandikwa humo, pamoja na rangi na namba ya cheti. Mawe mengi siku hizi yana namba hiyo imechongwa kwa leza kwenye kiuno, yaani ule ukanda mwembamba unaozunguka jiwe katikati ya sehemu ya juu na ya chini. Iandike namba hiyo pembeni, utaihitaji katika hatua ya 7. Angalia pia unene wa kiuno. Jiwe lenye kiuno chembamba mno linamegeka kirahisi sonara anapolikaza, kwa sababu almasi, pamoja na ugumu wake wote, inapasuka ikigongwa kwa upande wake dhaifu.

Hatua ya 2: Tazama mikono ya mvaaji

Pete ya uchumba haikai kwenye kisanduku. Inaingia jikoni, inapanda daladala, inafua, inabeba mtoto. Kabla ya kuuliza kiti gani kinapendeza, jiulize mikono ya mwenzako inafanya nini tangu asubuhi mpaka jioni.

Chukua msusi. Kucha za dhahabu zinazoshika jiwe zikiwa ndefu zinanasa nywele na rasta za wateja, naye ana haraka, anavuta. Ukucha unainuka kidogo tu, hata haionekani kuwa kuna kilichoharibika. Wiki ijayo unainuka tena. Siku jiwe linapotoka, linaanguka katikati ya vipande vya nywele sakafuni na kufagiliwa navyo. Muuguzi naye anavaa na kuvua glavu siku nzima. Kiti kirefu kinazichana. Anayekanda unga wa chapati au maandazi atakuta unga umeingia chini ya jiwe na kukaukia humo. Mama mwenye mtoto mchanga atamkwaruza usoni wakati wa kumwogesha. Hawa wote wanahitaji kiti kifupi, na mara nyingi wanahitaji ukingo badala ya kucha, kama nitakavyoeleza. Anayeshinda ofisini akibonyeza kibodi ana uhuru zaidi.

Kwa Muislamu kuna la ziada. Maji ya udhu lazima yafike kwenye ngozi iliyo chini ya pete, kwa hiyo pete iliyobana huchezeshwa au huvuliwa. Pete inayovuliwa mara tano kwa siku na kuwekwa ukingoni mwa sinki ni pete inayotafuta njia ya kupotea. Mchagulie saizi inayozunguka kidoleni bila kuchomoka na mwili wa pete ulio laini kwa ndani, ili aweze kuisogeza tu maji yapite. Na siku ya hina au piko pete ivuliwe kabisa, hasa kama ina almasi ndogondogo, maana hina ikishaingia kwenye vitundu hivyo kuitoa ni kazi.

Kama hujui saizi na hutaki kuharibu siri, chukua kwa muda pete anayoivaa kidole hichohicho cha mkono huohuo, upime kipenyo chake cha ndani. Milimita 17.3, kwa mfano, ni saizi 7 ya Kimarekani. Pete ya kidole kingine haikusaidii. Na kama anapimwa mwenyewe, apimwe jioni, si asubuhi kukiwa na baridi. Vidole huvimba kwa joto, na Dar au Mombasa joto halina likizo.

Hatua ya 3: Jua mwanga unapita wapi

Dukani utasikia kwamba kiti fulani kiko wazi chini "ili mwanga uingie." Itikia kwa adabu, endelea kutazama. Katika almasi iliyokatwa vizuri mwanga unaingia kwa juu, unagonga nyuso za chini, yaani zile bapa ndogo zilizokatwa, unarushwa upande wa pili, unarushwa tena na kutokea juu kwenye macho yako. Inawezekana kwa sababu almasi huupinda mwanga kuliko maji au kioo, hivyo miale mingi inayogonga nyuso za ndani kwa mshazari haipati njia ya kutoka, inarudi. Ndiyo maana pembe za kukata ni kila kitu. Marcel Tolkowsky alichapisha hesabu za pembe hizo mwaka 1919, na almasi ya mviringo ya leo yenye nyuso 57, au 58 ncha ya chini ikikatwa bapa, bado inazungukia humo. Jiwe lililokatwa vibaya linavujisha mwanga kwa chini, na hakuna kiti cha kuziba uvujaji huo.

Kwa nini basi nasisitiza kiti kilicho wazi chini? Kwa ajili ya maji na sabuni. Almasi inapenda mafuta. Huko Kimberley, Afrika Kusini, migodi iliigeuza tabia hiyo kuwa mashine tangu mwishoni mwa karne ya 19: changarawe iliyolowa ilipitishwa juu ya meza zilizopakwa grisi, mawe mengine yakateleza na maji, almasi zikanasa. Tabia ni ileile kidoleni. Losheni, mafuta ya nazi, samli ya pilau, vyote vinajikusanya tumboni mwa jiwe, mahali ambapo mwanga ulipaswa kurushwa.

Kama sonara ni mtu wa kuelewana naye, mwombe almasi ambayo bado haijawekwa kwenye pete. Ishike kwa kibano, itazame kwa juu chini ya taa. Kisha gusisha tumbo lake kwenye kidole chenye mafuta kidogo, uitazame tena kwa juu. Upande ulioguswa utaona umezima, kama doa la kijivu lililo ndani ya jiwe, ingawa uchafu uko nje na chini. Ukiifuta kwa kitambaa laini, cheche zinarudi. Ukishaona hilo kwa macho yako hutanunua tena kiti kilichozibwa chini kwa bamba la dhahabu.

Hatua ya 4: Chagua aina ya kiti

Kucha ndizo zinazoacha jiwe wazi kuliko kitu kingine chochote. Kiti cha kucha sita kinachoinua jiwe moja juu ya mwili wa pete kilipata umaarufu kupitia duka la Tiffany la New York mwaka 1886, na picha nyingi utakazoonyeshwa leo ni watoto na wajukuu wake. Swali la kawaida ni nne au sita. Nne zinaonyesha jiwe zaidi, lakini jiwe la mviringo huanza kuonekana kama lina pembe, na ukucha mmoja ukikatika jiwe limeshaaga. Sita zinalinda vizuri zaidi na kulihifadhia jiwe umbo lake la mviringo. Kwangu mimi, kuanzia karibu milimita 6 kwenda juu, sita. Chini ya milimita 5, nne nyembamba, kwa sababu kucha sita nene juu ya jiwe la robo karati zinakuacha ukitazama dhahabu yenye almasi kidogo katikati.

Jiwe lenye pembe lina sheria yake. Mraba wenye pembe kali, umbo la chozi na umbo la mashua lenye ncha mbili lazima kila ncha ifunikwe na ukucha uliokunjwa kama herufi V. Ncha ndiyo sehemu ya kwanza kumegeka. Sonara akikuchorea umbo la chozi na ncha yake ikiwa wazi, mwambie achore upya. Umbo la yai halina ncha, kucha nne zilizokaa kwenye mabega linatosheka nazo, na linarefusha kidole. Mstatili uliokatwa kwa ngazi una nyuso pana zinazoonyesha kila dosari ya ndani na kila alama ya kidole, kwa hiyo usafi wa jiwe huko ni muhimu kuliko kwenye mviringo wenye cheche nyingi.

Ukingo ni ukanda wa dhahabu unaozunguka kiuno cha jiwe lote na kukunjwa kidogo juu yake. Watu wa mjini huuona wa kizee, nami naona wanakosea. Haunasi nywele, hauchani glavu, haukwaruzi mtoto, na unaficha kiuno chenye mmego mdogo. Gharama yake ni kwamba unafunika pembezoni mwa jiwe, kwa hiyo unene wake ndio wa kugombania. Ukingo mwembamba wa dhahabu nyeupe juu ya jiwe jeupe huonekana kama mwendelezo wa jiwe lenyewe; ukingo mnene wa manjano unalibana na kulipunguza. Sisitiza uwe na matundu ya kuoshea kwa chini. Kuna pia nusu ukingo, unaoshika pande mbili na kuacha mbili wazi. Kwa wengi wanaofanya kazi za mikono, hicho ndicho kiti ningewachagulia.

Duara la almasi ndogo kuzunguka jiwe la kati, ambalo maduka ya mtandaoni huliita halo, ndiyo njia ya haraka ya kukuza sura ya pete. Hesabu ni nyepesi. Jiwe la nusu karati lina milimita 5.1, zungushia almasi za milimita 1.3, unapata 7.7, na ukiongeza kingo za dhahabu unakaribia 8. Hiyo ni sura ya pete ya karati 2 kwa mtu aliyesimama mbali. Akikaribia ataona jiwe la nusu karati na wapambe wake, jambo ambalo si aibu, mradi wewe mwenyewe unajua ulichonunua. Tatizo la kwanza ni rangi. Zile ndogo zikiwa nyeupe kuliko la kati, la kati litaonekana la manjano siku zote, kwa kuwa umeliwekea kipimo pembeni. La pili ni kwamba almasi ndogo zinashikwa na vitone vidogo vya dhahabu, na mojamoja zitadondoka. Muulize sonara kabla ya kulipa kama atazirudishia na kwa bei gani.

Tofauti ya rangi hiyohiyo inaweza kukufaa ikiwa jiwe la kati lina rangi ya makusudi. Mfano bora umetoka kwetu. Mwaka 1947 mgodi wa Mwadui, Shinyanga, ulitoa almasi ya waridi ya karati 54.5. John Williamson, Mkanada aliyeugundua mgodi huo mwaka 1940, aliitoa zawadi ya harusi kwa Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza. Ikakatwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakaiweka katikati ya bruchi ya umbo la ua, petali zake zikiwa za almasi nyeupe. Weupe wa petali ndio unaoufanya uwaridi wa katikati usomeke. Kwa jiwe la waridi, la kahawia au la manjano iliyokolea, duara jeupe linafanya kazi. Kwa jiwe lililopaswa kuwa jeupe na halikufikia, linalisema vibaya.

Mawe matatu, la kati kubwa na mawili ubavuni, huwa mazuri pale tu yale ya ubavuni yanapokuwa na rangi inayokaribiana na la kati na kukaa chini kidogo yake. Wengi Arusha hupenda kuweka tanzanaiti ubavuni, na inapendeza kweli. Ila tanzanaiti ya Mererani ina ugumu wa kati ya 6 na 7 tu kwenye kipimo ambacho almasi ni 10. Itachakaa mapema, haitaki mabadiliko ya ghafla ya joto, wala mashine ya kusafishia kwa mitetemo. Ikae chini, ndani ya ukingo, na sonara aambiwe iko hapo kabla hajawasha moto wa kulehemu.

Almasi ndogo zilizopangwa juu ya mwili wa pete sina ugomvi nazo zikiishia nusu ya duara. Zikizunguka pete nzima, pete haipanuliki wala haipunguziki, na ujauzito wa kwanza utaiweka kabatini. Kiti kinachobana jiwe kwa nguvu ya chuma pande mbili, jiwe likionekana kama linaelea, ni kazi ya karakana maalumu. Usimpe sonara ambaye hajawahi kukifanya akajifunzie kwenye jiwe lako.

Na kuna hila moja ya kizamani ambayo bado inauzwa: jiwe dogo limezungukwa na bamba jeupe la chuma lililochongwa likang'aa, jicho likaona almasi moja kubwa. Uliza milimita za jiwe lenyewe. Swali hilo moja linatosha.

Hatua ya 5: Madini ya mwili na madini ya kiti

Karati ya dhahabu ni usafi, haihusiani na ile ya almasi. Muhuri wa 916 ni karati 22, wa 750 ni karati 18, wa 585 ni karati 14 na wa 375 ni karati 9. Pwani, Unguja na kwa ndugu zetu wa Oman watu wamezoea karati 22, na kwa bangili na vidani ni sawa. Kwa kucha ni laini mno, zinainuka. Bibi harusi akishikilia 22, chagua ukingo, au mwombe sonara atengeneze mwili wa 22 na kiti cha 18. Kucha bora ni za karati 18, 14 au platini.

Rangi ya kiti inaingia ndani ya jiwe, kwa kuwa almasi inarusha kila kilicho karibu nayo. Rangi za almasi hupangwa kwa herufi kuanzia D, isiyo na rangi, hadi Z. Jiwe la D, E au F kwenye kiti cha manjano ni pesa iliyomwagwa, maana umelipia weupe kisha ukaupaka manjano. Akipenda dhahabu ya manjano, ama chagua jiwe la I, J au hata K na ubaki na pesa, ama mwili uwe wa manjano na kiti kiwe cheupe. Jiwe la K kwenye dhahabu nyeupe, kwa upande mwingine, litajitangaza.

Dhahabu nyeupe hupakwa rodiamu, madini meupe yanayong'aa, ili iwe nyeupe kabisa, na upako huo unaisha kwa kuvaliwa, rangi ya chini ikajitokeza. Hesabu gharama ya kuipaka upya kila baada ya mwaka au miwili. Baadhi ya dhahabu nyeupe ina nikeli ndani yake. Anayewashwa na hereni za bei rahisi aulizie kwanza.

Hatua ya 6: Urefu wa kiti na pete ya ndoa

Weka kando mawazo ya siku ya kuvishwa pete, fikiria ya baadaye: itakuja pete ya ndoa, nayo itakaa kidole hichohicho. Kiti kikiwa kifupi sana, pete ya ndoa haitagusana na ya uchumba, patabaki mwanya. Kikiwa kirefu sana kitagonga kila mlango na kila mfuko. Mwombe sonara aweke pete ya kawaida isiyo na mapambo ubavuni mwa hiyo uliyoipenda, utazame kwa upande. Ni jambo la dakika moja dukani.

Mwili wa pete wa upana wa milimita 2 hivi, unaokuwa mwembamba kidogo unapokaribia jiwe, unalifanya jiwe lionekane kubwa bila hila. Usishuke chini ya unene wa milimita 1.5. Mwili mwembamba unapinda, kucha zinapoteza mkao, na jiwe linaanza kucheza.

Hatua ya 7: Kuagiza kwa sonara

Nenda na jiwe, siyo picha peke yake. Kabla hujaliacha, wewe na sonara mtazame namba ya kiuno kwa lenzi ya kukuza mara 10 na muiandike kwenye risiti, pamoja na uzito wa jiwe, milimita zake, aina ya dhahabu, uzito wa dhahabu unaokadiriwa, idadi ya kucha na tarehe ya kuchukua. Tanzania dai risiti ya EFD. Sonara mwaminifu hatakasirika, yeye ndiye wa kwanza kunufaika na maandishi hayo.

Kama unanunua jiwe hapohapo, usiridhike na ile kalamu ya kupimia almasi inayolia. Kalamu nyingi hupima jinsi jiwe linavyopitisha joto, na moisanaiti, jiwe la kutengenezwa linalofanana na almasi, inazidanganya. Itazame kwa lenzi, kwa mshazari kupitia juu: kingo za nyuso za upande wa pili zikionekana mbilimbili, hiyo ni moisanaiti. Almasi ya maabara, yaani iliyotengenezwa na watu badala ya kuchimbwa, nayo ni almasi kweli, na kiti chake hakina tofauti, lakini bei yake imeshuka sana na usiuziwe kwa bei ya ile ya mgodini.

Sonara akichonga mfano wa pete kwa nta kwanza, omba kuiona nta na uijaribishe kidoleni. Kubadilisha nta ni kazi ya kisu. Kubadilisha dhahabu ni kuyeyusha upya.

Hatua ya 8: Siku ya kuchukua

Usiivalishe mtu kabla hujakaa chini nayo. Azima lenzi. Anza na namba ya kiuno, kama kucha hazijaifunika. Kisha fuata ukucha mmoja baada ya mwingine. Kila ukucha unatakiwa kuwa na mfereji mdogo uliochongwa ambamo kiuno cha jiwe kimekaa, na ncha yake ilale juu ya uso wa jiwe bila mwanya. Ukiona mstari mweusi wa kivuli kati ya ncha ya ukucha na jiwe, hapo pana nafasi, na nafasi hiyo leo inanasa uzi, kesho inaachia jiwe. Ncha ziwe za mviringo, zilingane ukubwa, na zikae kwa umbali sawa. Tazama kwa upande pia: uso wa juu wa jiwe uwe sambamba na mwili wa pete. Jiwe lililoinama linarusha mwanga pembeni, na mvaaji atabaki akishangaa kwa nini wenzake wanaona cheche kuliko yeye.

Halafu fanya majaribio mawili ya mikono. Pitisha pete juu ya kipande cha kanga iliyochakaa au soksi nyembamba, pande zote. Ikinasa, ukucha huo unasuguliwa palepale. Kisha ishike karibu na sikio uigonge kidogo kwa kidole. Pete iliyokazwa iko kimya. Ukisikia mlio mwembamba wa kuchezacheza, kuna jiwe halijakaa, hata kama ni mojawapo ya zile ndogo.

Mwisho itoe nje ya duka. Taa za masonara zimechaguliwa zipendeze kila kitu. Itazame kwenye kivuli cha mchana, chini ya mti au barazani, maana huko ndiko itakakoishi.

Hatua ya 9: Nyumbani

Bakuli la maji ya uvuguvugu, matone ya sabuni ya vyombo, dakika ishirini, kisha mswaki laini wa mtoto ukipitishwa kwa chini, tumboni mwa jiwe, si juu tu. Fanyia ndani ya bakuli, kamwe si moja kwa moja juu ya tundu la sinki. Mara moja kwa wiki inatosha, na usiguse klorini wala jiki ukiwa umeivaa, kwa sababu vinaidhoofisha dhahabu kwenye maungio. Mara moja au mbili kwa mwaka ipitishe kwa sonara akague kucha. Jiwe likianza kucheza katikati ya wiki, vua pete saa hiyohiyo, iweke kwenye mfuko mdogo wa plastiki unaofungika, ili jiwe likitoka njiani libaki humo, na uipeleke hivyohivyo.